Malaria ya Ubongo: Picha za Kichwa Zimetufundisha Nini
(Mazungumzo ya mhudumu wa afya na wazazi)

 

Kuna swali mnaloniuliza mara nyingi, hasa ninyi mliotoka Bujumbura. Mnasema: "Daktari, tulipokuwa Mutanga Nord hatukuwa mbali na hospitali ya Kamenge, na mtu akiumwa kichwa vibaya tulisikia anatafutiwa picha. Hapa mtoto amezimia kwa malaria, mbona hapigwi picha?" Ni swali la haki, na nitalijibu.

Vijidudu vya malaria huingia katika chembe nyekundu za damu. Chembe hizo hunata kwenye mishipa midogo ya ubongo, damu ikapita kwa shida. Watafiti wa Kilifi, Kenya, walieleza mwaka 1994 picha za watoto 14 waliopatwa na malaria ya ubongo. Sita walionekana ubongo umevimba. Baadaye, mwaka 2008, hospitali ya Queen Elizabeth ya Blantyre, Malawi, ilipata mashine kubwa inayopiga picha kwa sumaku. Kati ya mwaka 2009 na 2011 walipigwa picha watoto 168 wenye ugonjwa huu. Walifariki 25, na 21 kati yao walifika hospitali ubongo ukiwa umevimba sana. Waliopona ni 143, na wenye uvimbe kama huo walikuwa 39 tu. Kwa waliopona, picha zilizofuata zilionyesha uvimbe unapungua.

Tia maharage makavu na maji katika chupa, uifunge. Yakivimba hayana pa kwenda. Fuvu nalo halitanuki. Ubongo ukivimba husukumwa chini, ukabana sehemu inayoongoza pumzi, na mtoto huacha kupumua hata kama dawa imeanza kuua vijidudu.

Basi dawa ya uvimbe iko wapi? Imetafutwa. Kampala, katika hospitali ya Mulago, watoto 156 waliingizwa katika jaribio la dawa ya manitoli, na matokeo ya mwaka 2007 hayakuonyesha faida. Kilifi walijaribu dawa ya kuzuia degedege, fenobabitali, kwa kipimo kikubwa. Degedege lilipungua lakini vifo viliongezeka, wakatangaza hivyo mwaka 2000. Kwa hiyo picha haimtibu mtoto wako. Kinachomtibu ni sindano ya atesuneti ianze mapema. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya watoto 5,425 wa nchi 9 za Afrika: kati ya kila 100 waliopewa kwinini walikufa karibu 11, na kwa atesuneti 8 au 9.

Saa zinapotea wapi? Mara nyingi nyumbani. Mtoto akishikwa na degedege, wengine humfukiza moshi kwanza, au husubiri kukuche. Sisemi haya kwa dharau, wazee wetu walitumia walichokuwa nacho. Lakini mtoto mwenye homa aliyepatwa na degedege, asiyeamka, asiyeweza kunyonya au anayetapika kila kitu, aletwe usiku huohuo. Mlaze ubavu. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na usimnyweshe kitu akiwa hana fahamu. Mhudumu wa jamii akimtia dawa ya njia ya haja kubwa, hiyo ni ya kumsindikiza njiani tu. Msirudi nyumbani kwa sababu homa imeshuka.

Jambo jingine linalowatia hofu ni kuchukuliwa maji ya mgongo. Mwaka 2004 madaktari wa Blantyre walieleza uchunguzi wa miili ya watoto 31 waliodhaniwa kufa kwa malaria ya ubongo. Saba walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine. Vijidudu kuonekana kwenye damu, peke yake, hakutoshi. Ndiyo maana daktari humulika nyuma ya jicho kama ana kifaa, maana malaria huacha alama pale, na ndiyo maana huomba maji ya mgongo ili kujua kama ni homa ya uti wa mgongo. Hali ikiwa mbaya mno, yeye mwenyewe hukiahirisha kipimo na kuanza dawa.

Mtoto akipona, bado mwangalieni. Kampala waliwafuatilia kwa miaka 2 watoto waliopona, na karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na shida ya kufikiri au kukumbuka. Huyo si mvivu, wala hakurogwa. Akianza kupatwa na kifafa, au akisahau aliyokuwa akiyajua, mleteni kituoni. Mwalimu wake naye aambiwe mapema, amweke mbele karibu na ubao.