Mzee Mkapa wa Lupaso: Kutoka Kalamu Hata Urais

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Chikongola)



Tumeombwa kueleza habari za mtu wa siasa ambaye maisha yake yaweza kutufaa sisi tushikao kalamu na majalada. Hatukuona haja ya kwenda mbali. Tumemchagua marehemu Benjamin William Mkapa kwa sababu mbili: alikuwa mwana wa Kusini, na kabla ya kuwa Rais alikuwa mtumishi wa Serikali kama sisi.

Alizaliwa Lupaso, wilaya ya Masasi, tarehe 12 Novemba 1938. Alisoma Ndanda na Pugu, kisha Makerere, akahitimu mwaka 1962. Mwaka ule ule aliingia kazini, akawa Bwana Shauri huko Dodoma, halafu akahamia mambo ya nchi za nje. Alikwenda pia Marekani, katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kujifunza mambo ya mataifa. Mwaka 1966 alipewa kuhariri magazeti ya TANU, na mwaka 1972 gazeti la Daily News. Mwaka 1974 akawa mwandishi wa habari wa Mwalimu Nyerere. Baadaye alikuwa balozi katika Nigeria, Canada na Marekani, na mara mbili akawa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Tazameni basi: miaka zaidi ya thelathini alitumwa na wengine kabla hajapata yeye kuwatuma watu.

Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu 1962, alishinda kwa kura karibu 62 katika kila 100. Alipoingia Ikulu alitangaza mali zake mbele ya watu wote, akachagua neno la kazi yake kuwa Uwazi na Ukweli. Aliunda tume ya Jaji Warioba ichunguze rushwa. Mamlaka ya Mapato ikaanza kazi mwaka 1996. Mwaka 2001 nchi ikasamehewa sehemu kubwa ya madeni, na ada ya shule za msingi ikaondolewa.

Lakini mizani ina sahani mbili. Mashirika ya umma yaliuzwa, nayo Benki ya Taifa ya Biashara ikapata wenyewe wageni mwaka 2000. Watumishi wengi walipunguzwa kazini. Fedha zikawa adimu mifukoni, na watu wakaiita hali ile "ukapa". Sisi makarani hatuwezi kulisahau neno hilo, maana waliopunguzwa walikuwa wenzetu. Tena, alipokwisha kuondoka, alilaumiwa hadharani kwamba alifanya biashara akiwa Ikulu.

Wako kati yetu waulizao: Alitufanyia nini sisi wa Kusini? Wenye umri wakumbuka kivuko cha Ndundu, jinsi malori yalivyokaa yakingoja mto Rufiji wakati wa masika, na bei ya sukari ikipanda hapa Mtwara. Daraja lenye jina lake lilifunguliwa mwaka 2003. Hata hivyo lami ya njia ile haikukamilika katika siku zake. Nasi twauliza: karani akiwatanguliza jamaa zake dirishani, je, hatumlaumu? Basi yatupasa tujihadhari tusimdai Rais upendeleo ambao twamkataza karani. Daraja lile lilikuwa haki ya kila apitaye; halikuwa zawadi ya ndugu kwa ndugu.

Liko jambo zito kuliko hayo. Tarehe 26 na 27 Januari 2001, katika Pemba na Unguja, polisi waliwapiga risasi watu waliokuwa wakiandamana kudai uchaguzi mpya. Tume ya Serikali ilihesabu waliokufa kuwa 31, na watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari wakakimbilia Shimoni, Kenya. Mzee Mkapa alipotoa kitabu cha maisha yake, Novemba 2019, aliandika kwamba mauaji yale yalikuwa doa katika uongozi wake. Maneno yale hayafufui wafu, wala hayawatoshi mayatima. Lakini ni wachache walioshika madaraka makubwa ambao wameliandika doa lao kwa mkono wao wenyewe.

Alifariki Dar es Salaam usiku wa kuamkia 24 Julai 2020, akazikwa kwao Lupaso tarehe 29.

Mabwana na mabibi, sisi hukabidhiana ofisi kila mwaka. Katika hati zetu twaandika funguo, viti, na kazi zilizokamilika. Yaliyoharibika twayaacha mgeni ayagundue mwenyewe. Twatoa shauri kwamba tangu leo kila mwanachama akabidhipo aandike na yaliyomshinda, na mtu aliyedhurika kwayo, ili ajaye apate kumtendea haki. Shauri hili twaliweka mbele yenu mlijadili.