Paka wa Nyumba Mbili



Hapa Kasikeu paka ni mlinzi wa ghala. Wangu aliacha kulala nyumbani, panya wakatoboa magunia ya mahindi na kunde. Nikasikia kuwa jirani humpa maziwa kila jioni. Nilinuna wiki mbili. Hata kanisani nilikaa mbali naye.

Katika Mathayo 18:15 Bwana Yesu atuagiza tumwendee ndugu faraghani. Nikaenda. Mama yule akaniambia, “Tangu nifiwe na mume wangu, paka huyu ndiye mgeni wangu wa jioni.”

Nikaona haya. Nilikuwa nimehesabu magunia yangu, sikuhesabu jioni zake. Sasa paka hunywa kidogo, kisha hurudi ghalani. Nami huenda kumjulia hali mama.

Ee Bwana, utufundishe kupiga hodi kabla ya kununa. Amina.