Tairi Ikitoboka: Kuziba au Kununua?

(Mazungumzo na waendesha bodaboda, wenye pikipiki na familia zao katika ukumbi wa parokia)

Asanteni kwa kuja, na hasa nyinyi kina mama mliotoka kuchuma majani moja kwa moja hadi hapa bila hata kupitia nyumbani. Najua kuna wazee waliouliza, huyu mama wa maendeleo anajua nini juu ya tairi? Basi nianze na lile nililojifunza kwa uchungu.

Mwaka 2019, wakati wa mvua, nilipanda pikipiki pale Kapkatet kwenda kumwona mgonjwa huko ndani. Tukiwa tunateremka kuelekea mtoni, tairi ya nyuma ilipasuka kwa mlio kama bunduki. Mimi nilitupwa kwenye shamba la majani chai nikavunjika mkono. Yule kijana aliyeniendesha alivunjika mguu, akakaa nyumbani miezi minne, na watoto wake wawili wakarudishwa kutoka shule kwa sababu ya karo. Fundi alipoifungua ile tairi alitoa ndani yake kipande cha tairi kuukuu, ukubwa wa kiganja, kilichowekwa kufunika mpasuko wa ubavuni. Tyubu ilikuwa na viraka saba. Nilipomtembelea kijana nilimuuliza kama alijua. Akaniambia, "Nilijua, mama. Lakini pancha ni yangu, tairi ni ya mwenye pikipiki."

Mmecheka kidogo, kwa hivyo mnaujua mkataba huo. Kijana anapeleka pesa za siku kwa mwenye pikipiki. Mafuta ni juu yake na pancha ni juu yake, lakini tairi mpya ni juu ya mwenye mali. Sasa angalia vile inavyokwenda. Mwenye pikipiki akiambiwa tairi imekwisha anasema, "Ziba kwanza, tutaona bonasi ya chai ikitoka Oktoba." Kijana naye hawezi kununulia mtu mwingine tairi. Kila mmoja anaangalia mfuko wake, hakuna anayeangalia tundu. Na tundu ndilo linalopaswa kuamua.

Kwa hivyo tuliangalie. Kama msumari au jiwe kali limeingia katikati, pale tairi inapokanyaga barabara, na tundu ni dogo, ziba bila wasiwasi. Mtu asikudanganye ununue nyingine. Pikipiki zetu nyingi zina tyubu, kwa hivyo fundi anaziba tyubu. Lakini simama hapo umwangalie akifanya kazi. Tyubu isuguliwe kwa msasa mpaka ipoteze mng'ao, solushoni ipakwe na iachwe ikauke kidogo, ndipo kiraka kikandamizwe. Halafu itumbukizwe majini kutafuta mapovu. Na kabla ya kuirudisha, mkono upitishwe pole pole ndani ya tairi yote. Pancha nyingi za pili siku hiyo hiyo ni ule msumari wa kwanza ambao haukutolewa.

Tyubu ikichanika pale valvu inapoota, usibishane, nunua tyubu. Kiraka hakishiki hapo.

Sasa tundu likiwa ubavuni, mambo ni mengine kabisa. Ubavu wa tairi unajikunja na kujinyoosha kila gurudumu linapozunguka. Ndani yake mna nyuzi zinazobeba uzito wote: wewe, abiria, na lile gunia la majani unalowahisha kituoni. Nyuzi zikikatika hakuna gundi inayoziunganisha. Kile kipande cha ndani kinazuia tyubu isichungulie nje, basi, lakini tairi haipati nguvu yake tena. Ukiona uvimbe ubavuni kama jipu, ni nyuzi zimekatika hata kama upepo hautoki. Na ukiwa umeendesha kilomita moja au mbili ukiwa na pancha kwa sababu fundi alikuwa mbali, fungua uangalie ndani: ukikuta unga mweusi wa mpira umejaa, ubavu umesagika. Hiyo haizibwi.

Wenye pikapu za kubeba majani na watu, tairi zenu nyingi hazina tyubu. Ule uzi wa mpira unaochomekwa kwa nje ni wa kukufikisha kwa fundi tu. Tairi itolewe kwenye rimu, izibwe kwa ndani. Tundu likizidi milimita 6, yaani karibu unene wa penseli, au likiwa kwenye kona ya tairi kuelekea ubavuni, achana nalo.

Kuna jambo la tairi kipara. Mtu ana tundu dogo la katikati, lingezibika vizuri, lakini tairi yenyewe imekuwa laini kama kichwa cha mtoto mchanga. Hapo hata kiraka cha shilingi 50 ni pesa ya kutupa, maana kesho utatobolewa tena, na tope la barabara zetu za ndani halina huruma kwa tairi isiyo na meno.

Wengi hapa mnakumbuka tairi za Yana, zilizotengenezwa Nairobi hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 2016. Siku hizi zinakuja za kila aina, na za mitumba pia. Kabla ya kulipa, tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ukisoma 2317, imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Mpira unazeeka hata ukiwa dukani. Ukiona nyufa ndogo ndogo ubavuni, mwache muuzaji na tairi yake. Mimi ya mitumba singenunua, lakini najua wengine mtanunua, basi angalau someni.

Pesa itoke wapi? Tuseme tairi ya nyuma ni shilingi 3,000. Ukiweka shilingi 30 kila siku ya kazi, siku sita kwa wiki, baada ya wiki 17 una 3,060. Ni bei ya chai na andazi. Lakini shilingi hizo zisikae kwenye simu, maana simu inakula. Zikae kwa kikundi, na mweka hazina aandike. Kina mama, nyinyi mnajua kuweka akiba kuliko sisi wote. Mkiona mzee ametoboka mara tatu kwa wiki, ulizeni kama ni tundu au ni tairi.

Na wenye pikipiki, naomba msinikasirikie. Tumeandika karatasi moja ya makubaliano, iko pale mezani. Inasema kwamba kijana atatoa shilingi 15 kwa siku na mwenye mali 15, na kwamba fundi akisema ubavu umekatika, pikipiki haitoki mpaka tairi ibadilishwe, na siku hiyo kijana hadaiwi pesa ya siku. Wazee wawili wameshatia sahihi. Mmoja alinung'unika sana. Nilimwambia aulize hospitali mguu mmoja ni shilingi ngapi.

Sasa tutoke nje. Fundi wetu ameleta tairi tano kutoka kibandani kwake, zote zilitoboka wiki hii. Mtazigusa ndani na nje, kisha kila kikundi kiniambie ipi inazibwa na ipi inakatwa kuwa akala. Sitawasaidia, na fundi nimemkataza kukonyeza.