Fedha za Nyumba Zikaguliwe: Maneno kwa Wanachama wa Thika na Ruiru



Mwajua ya kuwa ada ya nyumba ilianza kukatwa mwaka 2023. Mahakama Kuu iliikataa Novemba mwaka ule, kisha Bunge likaitungia sheria mpya Machi 2024. Mwenye mshahara wa shilingi 20,000 hukatwa 300, na tajiri wake huongeza 300 kutoka mfukoni mwake, si mwako.

Je, ukitoa utapewa nyumba? La. Kutoa ni lazima; nyumba huombwa, tena hulipiwa.

Basi twataka kujua fedha zimefanya nini. Katiba ya 2010, kifungu cha 229, yamwamuru Mkaguzi Mkuu wa Hesabu atoe taarifa miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kabla ya Desemba kupita. Haitoshi aseme hesabu imejumlishwa sawa. Ni lazima aseme kama fedha zilitumiwa kwa halali na kwa manufaa. Bunge nalo lina miezi mitatu ya kuijadili.

Lakini yeye hukagua Serikali. Hafungui vitabu vya kila kiwanda cha Thika wala kila shamba la Ruiru. Tajiri apaswa kupeleka fedha KRA kabla siku tisa za kazi za mwezi ufuatao hazijapita; akichelewa, hutozwa asilimia 3 kila mwezi. Wajumbe wetu waombe stakabadhi hizo, wazilinganishe na hati za mshahara. Wakikatwa watu 80, yakapelekwa makato ya 50, Mkaguzi Mkuu ataonaje?

Leteni hati za miezi mitatu. Sasa niulizeni.