Madaraja ya Reli ya Kati na Waliosahauliwa



Mafundi wa dunia nzima hulisifu daraja la maji la Pontcysyllte huko Wales, lililokamilika mwaka 1805. Ni hori refu la chuma juu ya nguzo za mawe, na mashua hupita ndani yake meta 38 hivi juu ya mto Dee. Msanifu wake, Thomas Telford, hutajwa kila mara. Waliochonga mawe hawatajwi.

Morogoro nayo ina kisa cha namna hiyo. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka ule ule vilipozuka Vita vya Maji Maji, na kampuni ya Kijerumani ya Philipp Holzmann ndiyo iliyopewa kazi. Ili kuifikia Morogoro mwaka 1907 ilibidi kuuvuka Ruvu, mto uzaliwao katika milima ya Uluguru, ambao masika haumstahi mtu.

Nani waliinua tuta na kubeba mataruma? Reli ilipozidi kwenda bara, wengi wao walikuwa Wanyamwezi, mabingwa wa upagazi waliokuwa wakishusha pembe za ndovu hadi Bagamoyo. Kwa mikono yao wenyewe walijenga kitu kilichoiua kazi yao!

Mwaka 1916 Wajerumani, wakikimbizwa na majeshi ya Uingereza, waliyalipua madaraja waliyojivunia. Jina la kampuni halikulipuka. Limo vitabuni hadi leo. Kituo cha Morogoro chastahili kibao cha wale wabeba mataruma.