Ukali wa Dini na Ukali Mwingine



Je, ukali wa dini ni tofauti na ukali wa siasa au wa kabila? Jibu la swali hili halihitaji kutafutwa mbali. Limo hapa hapa Arusha.

Tarehe 5 Mei, 2013, bomu lililipuka Olasiti, katika kanisa lililokuwa likizinduliwa siku hiyo. Tarehe 15 Juni mwaka huo huo, bomu jingine lililipuka katika uwanja wa Soweto, penye mkutano wa kampeni. Kule watu walikusanyika kusali. Huku walikusanyika kusikiliza siasa. Kote wananchi wasio na silaha waliuawa, na majeraha yaliyotibiwa hospitalini hayakuwa na dini wala chama.

Wako wasemao kwamba ukali wa dini huzaliwa na tofauti za dini. Mlima Meru wakanusha hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Walutheri wa Meru walifarakana juu ya kuundwa kwa dayosisi yao. Biblia ilikuwa moja na ubatizo mmoja. Hata hivyo nyumba zilichomwa, na watu wakapoteza maisha.

Tofauti ipo, nayo ni moja. Mkali wa siasa hudai kwamba wananchi wako upande wake. Mkali wa dini hudai kwamba Mungu yuko upande wake. Kwa huyu wa pili, kusikilizana ni dhambi, hivyo kumpatanisha ni kazi ngumu zaidi. Lakini mzizi ni ule ule: kumwona mpinzani kuwa si mtu.

Wala ukali usichanganywe na uthabiti. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru katika ardhi yao ya Engare Nanyuki. Wameru hawakumwaga damu. Walichanga fedha, na mwaka 1952 Ndugu Kirilo Japhet akapeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa, New York. Dai lao halikulegea hata kidogo.

Basi wajibu ni dhahiri. Mwalimu hana budi kumfundisha mtoto kuipinga hoja bila kumchukia mwenye hoja. Mtumishi wa umma naye atazame tendo, asitazame kanzu wala msalaba. Ibara ya 19 ya Katiba imemwachia kila mtu imani yake. Muuaji ahukumiwe kwa uuaji wake, na jirani anayesali naye msikiti mmoja au kanisa moja asibebeshwe mzigo usio wake.