Akiba Kubwa, Mshahara Mdogo

Leo hapa Bunia tunazungumza na mwalimu au muuguzi aliyeuza ng'ombe wa familia, akaweka benki dola 13,000, na sasa anataka nyumba ya 15,000. Mshahara wake ni dola 300 kwa mwezi.

Wengi hudhani akiba nono inafungua kila mlango. Benki inauliza kwanza: kila mwezi utalipa na nini? Tuseme inakubali theluthi moja ya mshahara, yaani dola 100. Ukikopa 5,000 kwa miaka 5, ni kama dola 83 kwa mwezi kabla ya riba. Riba ikiingia, 100 inapitwa kwa urahisi. Basi toa 12,000 mwenyewe, ukope 3,000: ni 50 na riba yake. Ile 1,000 inayobaki usiiguse. Mishahara yetu huchelewa, mnajua wenyewe.

Shida kubwa zaidi iko kwenye karatasi. Kwa sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni ya Serikali. Haki yako juu ya kiwanja inathibitishwa na setifika ya usajili, na rehani ambayo benki inaitaka huandikwa juu ya setifika hiyo. Fishi ya kiwanja au karatasi ya chifu yenye mihuri mitatu haitoshi, hata kama jirani zako wote walitia sahihi.

Kwa hiyo mama, baba, kabla ya kumpa muuzaji hata dola moja, nenda ofisi ya hati za ardhi ukahakikishe setifika ni ya nani.